Ubao wa Mbele ya Pikapu

Kaka yangu Jamaldin aliuza nyumba yetu ya Kibokoni akanunua baridi. Wenye adabu zao husema alinunua gari, lakini magari yalikuwa tele Mombasa mwaka ule wa sitini na sita, na kama ni gari tu angepata kuukuu lolote la kubebea mboga zake kutoka Marikiti hadi melini Kilindini. Alichokitaka ni pikapu ya Mmarekani mmoja aliyekuja pwani kutafuta mafuta, akachimba, akakosa, akafunga virago. Chini ya dashibodi palikuwa na sanduku la bati lenye matundu, na Mmarekani aliapa kwamba ukibonyeza swichi, hewa itokayo humo itakufanya utafute shuka.

Mimi sikuitaka baridi yake. Nilimwambia mbele ya mkewe kwamba siridhii nyumba iuzwe. Akanisikiliza vizuri, akanimiminia kahawa, kisha akaenda akaiuza. Yeye ndiye mwanamume, yeye ndiye aliyeitwa kutia sahihi. Alinieleza kwamba dari imechakaa na itatuangukia, na kwamba wanawake wa ukoo wetu sasa watatembea kwa sitara: vioo vimepandishwa, mapazia yamefungwa, baridi ndani, wala hakuna mwanamume barabarani atakayejua nani kapita. Aliyasema haya huku macho yanamng'aa. Jamaldin hakuwa mwongo, na hilo ndilo lililonitesa zaidi. Kila ubaya alionifanyia aliufanya akiamini ananipa zawadi.

Nyumba ile aliijenga babetu, Fundi Muhdhar, mchonga milango, na mlango wake aliuchonga kwa mkono wake. Mbawa mbili za mlango Mzungu mmoja alizinunua akapakia melini. Ukabaki ubao wa juu, mbambakofi mzito, mrefu kama mtu aliyelala. Katikati baba alichonga jina lake na mwaka, na kila upande akatia ua moja la yungiyungi. Ua kubwa la upande mmoja lilikuwa la Jamaldin, na dogo la upande wa pili lilikuwa langu. Jamaldin wakati huo alikuwa hakamatiki nyumbani. Mimi ndiye niliyekaa na baba barazani, nikisugua maua kwa ngozi ya papa mpaka vidole vikachubuka. La kwangu nililisugua kupita kiasi, jani moja likatoka jembamba kuliko mengine, nikalia. Baba alilitazama, akapuliza vumbi.

"Liwate," aliniambia. "Limekonda kama wewe."

Akaliacha hivyo hivyo, na hivyo ndivyo lilivyokaa juu ya vichwa vyetu miaka yote hiyo.

Ubao huo ndio niliouomba. Mume wangu alikuwa ameshakufa, na baada ya nyumba kuuzwa nilipanga chumba kichochoro cha nyuma, hapo hapo Kibokoni. Mlango wake ulikuwa wa mbao za masanduku ya chai. Nilitaka kitu kimoja tu cha babangu juu yangu niingiapo na nitokapo. Mwenye nyumba alikubali. Jamaldin ndiye aliyekataa. Aliupaka ubao vanishi, akaufunga kwa boliti mbele ya pikapu, pale kwenye wavu gari linapovutia hewa.

"Baba yuatangulia mbele kila nendapo," alisema.

Mji ukamsifu. Watu wa barazani walisimama kuutazama, na watalii waliotoka Ngome walielekeza kamera zao kwake wakaipa Ngome mgongo. Kaka yangu alikuwa akipunguza mwendo akifika pale, makusudi kabisa, na kiwiko nje ya dirisha.

Ila baridi haikuwepo. Ukibonyeza swichi, sanduku lilinguruma, hewa ikatoka, na hewa yenyewe ilikuwa ya moto. Jamaldin alisema mashine inahitaji kuzoea nchi.

Pengine angeingoja izoee mpaka leo, kama si harusi ya binti yake Tumu. Ijumaa baada ya alasiri, siku ya kumpamba, Tumu alikuwa apelekwe kwa kina mamake Bondeni, palipokuwa na ua wa kutosha wanawake wote. Babake alikuwa ameshatangaza msikitini na sokoni kwamba bibi harusi atakwenda kwa baridi, vioo juu. Mimi shangazi ndiye wa kukaa naye. Wiki ile tulifanya jaribio, mimi na Tumu katika mabuibui yetu, vioo juu, mapazia chini. Tulipofika Makadara mtoto alikuwa amenilalia begani, midomo imemkauka. Nikateremsha kioo. Jamaldin akaniamuru nikipandishe, watu wataona. Nikamwambia afadhali waone bibi harusi aliye hai.

Fundi wa kwanza, wa gereji moja ya mjini, aliongeza gesi akaenda zake. Moto ukawa ule ule. Wa pili alikuwa Thoya, Mgiriama aliyewahi kufanya kazi kwenye vyumba vya barafu bandarini, mtu wa maneno mengi, apigaye mluzi hata ukiwa unazungumza naye. Alijigamba kwamba hakuna mashine ya baridi pwani hii iliyowahi kumshinda. Tulikutana naye siku moja kabla ya harusi, asubuhi, kwenye uwanja ulio karibu na Ngome, maana pikapu ile ilikuwa pana mno kwa vichochoro vyetu.

Thoya alitaka mtu akae ndani, vioo vikiwa vimefungwa, amwambie anachosikia. Jamaldin mwenyewe hakufaa. Yeye kila alipokaa humo alisikia baridi inakuja, kwa vile alivyoitaka. Basi nikaingizwa mimi, na fundi akabaki nje asiniinamie dirishani, tukawa tunazungumza kupitia pazia.

"Mama, wasikia nini?"

"Moto."

Akafungua boneti. Kwenye upenyo wa pazia nilimwona akivuta ukanda, akisikiliza kompresa ikibisha, akichungulia kijicho cha kioo kilicho juu ya chupa ya gesi. Halafu akajifuta mikono kwenye suruali.

"Gesi imejaa hadi yataka kutapika," alisema. "Mashine nzima. Bwana Jamaldin, gari hino haiumwi."

"Haiumwi vipi, na nduu yangu yuwapikika mle ndani?"

Thoya akazunguka mbele, akaugonga ubao wa babangu kwa spana. Niliisikia ile sauti mpaka kwenye meno.

"Nyuma ya mlango huu mna nini?" aliuliza.

"Nyuma ya mlango mna gari," alijibu Jamaldin. "Kwani ulidhani mna nini, sebule?"

"Mna rejeta ndogo ya mashine ya baridi. Joto lote litolewalo mle ndani laja hapa, na upepo ndio wa kuliondoa. Wewe upepo umeufungia mlango. Joto litakwenda wapi? Larudi kwa huyo mama."

Jamaldin akacheka kicheko cha mtu aliyetukaniwa babake kwa upole. Alisema ubao hauna kosa, ubao ni mti tu, umekaa miaka juu ya nyumba na nyumba ilikuwa na ubaridi kuliko zote mtaani. Hapo niliona nafasi yangu, nikasema kutoka ndani, kwa sauti ya kutosha wote wawili:

"Kaka, kama ubao ndio wenye kosa, utanipa?"

"Kama ubao ndio, ubao wako. Thoya shahidi."

Alikubali upesi hivyo kwa sababu hakuamini. Thoya akaomba debe la maji kwa muuza madafu aliyekuwa karibu, akaliinua, akayamimina polepole katika upenyo uliokuwa kati ya ubao na gari, yateremke juu ya rejeta. Ndani ya pikapu, kwenye yale matundu ya bati, kitu kikabadilika. Kwanza moto ulikatika. Kisha ikanijia hewa nyembamba, baridi, ikapita shingoni chini ya buibui, na nywele za mikono zikanisimama.

"Baridi," nilisema.

"Wasema kweli, Swabaha?" aliuliza kaka yangu.

"Baridi, wallahi."

Maji yalipokauka, moto ukarudi. Nikasema hilo pia. Jamaldin alivua kofia yake, akajifuta uso nayo, kitu ambacho sijawahi kumwona akikifanya mbele za watu. Mwishowe alisema, "Haya. Njoo alasiri."

Nilifurahi. Nasema wazi, maana sijafurahi hivyo tena. Nilirudi chumbani nikafagia kuta, nikaosha miimo ya mlango, nikapima kwa mkono nikaona ubao utazidi mlango kwa shubiri kila upande, nikasema na uzidi. Nilinunua misumari mirefu. Nilikwenda Marikiti nikapatana na Masha, hamali mwenye mkokoteni mkubwa kuliko wote, kwamba nina mzigo mzito wa mbao, aje nami, na aje na kamba. Nilitandika gunia juu ya mkokoteni ili maua yasikwaruzike. Masha aliniuliza mzigo wenyewe ni kioo au ni nini. Nikamwambia ni babangu, akaniangalia, akaongeza kamba nyingine.

Tulipofika uwanjani pikapu ilikuwa pale pale, na ubao ulikuwa pale pale mbele yake. Chini yake ardhi ilikuwa nyekundu kwa unga wa mbambakofi. Upande wangu, pale lilipokuwa ua langu, palikuwa na shimo la duara, kubwa kama sahani ya pilau, na ndani ya shimo nikaona rejeta imenikodolea macho. Kuzunguka shimo na kuelekea katikati walikuwa wametoboa matundu kwa keekee, mstari baada ya mstari, na matundu hayo yalipita juu ya jina la baba. Muhdhar lilikuwa halisomeki tena. Ua la Jamaldin lilikuwa zima.

Thoya alikuwa anapiga mluzi, akifunga vyombo vyake.

"Mbona kuutoa wote, Mama?" alisema. "Upepo wataka pa kupita tu. Nimemkatia dirisha, basi. Ingia usikie."

"Na kwa nini usikate huku?" nilimuuliza, nikaweka kidole changu juu ya ua la kaka yangu.

"Rejeta haiko huko."

Alijibu kweli, na ukweli wake ulinichoma kuliko msumeno wake. Jamaldin alikuwa kwenye usukani, uso umemkunjuka kama siku ya Idi. Alishuka, akanijia na kitu kilichofungwa kwa gazeti, amekishika kwa mikono miwili.

"Nilikuahidi, sikukuwata," alisema. "Hino ndiyo sehemu yako. Ua lako zima, hapana hata jani lililovunjika. Nilimsimamia mwenyewe."

Nilifungua gazeti. Kweli, lilikuwa zima, mpaka lile jani jembamba. Ukingoni msumeno ulikuwa umeacha meno yake, na mti ndani ulikuwa bado unanuka, baada ya miaka yote hiyo. Nilimwambia kaka yangu maneno ambayo hayafai kuandikwa. Yanayofaa ni haya: kwamba baba alichonga maua mawili kwenye ubao mmoja, na kama angetaka tugawane angetumia mbao mbili.

"Swabaha," alisema, na alisema taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto. "Ni mti. Baba maisha yake yote kazi yake ilikuwa kukata miti."

Jibu nimelitafuta miaka mingi, na majibu mazuri mengi yamenijia nikiwa nakuna nazi au nafua, lakini siku ile nilisimama tu na gazeti mkononi, na Thoya akaendelea na mluzi wake.

Masha alikuwa akingoja na kamba zake. Aliuliza mzigo u wapi. Nikamwonyesha. Nilitaka kuubeba mwenyewe, akakataa, akasema ameitwa kwa mzigo na mzigo ataupeleka. Akauweka katikati ya gunia, juu ya mkokoteni ule mkubwa, akasukuma. Tukapita vichochoro vya Kibokoni namna hiyo. Kipande cha mti kikawa kinateleza huku na huku kila gurudumu lilipogonga jiwe, nami niko nyuma yake. Wanawake waliniuliza madirishani, "Swabaha, wahama?" Niliwaitikia salamu zao, hilo la kuhama nikalipita.

Kesho yake tulimpeleka Tumu. Sitasema uongo, palikuwa na baridi. Jamaldin kwenye usukani, mimi katikati, Tumu ubavuni mwangu, asumini kichwani, hina na piko mpaka viwiko, vioo juu, mapazia chini, na ile hewa ikitupuliza magotini. Nje wanawake walipiga vigelegele tangu Ndia Kuu. Nilikuwa najua ilikotoka. Baridi ile ilikuwapo kwa sababu upepo ulipita kwenye tundu la ua langu, nami nilikaa nikaipokea mpaka Bondeni.

"Shangazi," Tumu alininong'oneza, "raha."

"Starehe, mwanangu," nilimwambia. Yeye hakuwa na kosa.

Jamaldin alinigeukia akatabasamu. Alikuwa akingoja nimshukuru. Niligeukia upande wa Tumu, penye pazia.

Baridi yenyewe haikufika Ramadhani. Gesi ilivuja kwenye mpira fulani wa Kimarekani ambao Mombasa nzima haukupatikana, na Thoya alikuwa ameshahamia Malindi. Jamaldin akaanza kuendesha vioo vikiwa chini, na mapazia ya sitara yakipepea nje kila mtu akiona. Kazi ya melini nayo ikamponyoka, wakaipata wengine. Mwishowe akaiuza pikapu kwa mtu wa Kisauni aliyetaka chombo cha kubebea nazi. Ubao alimwachia. Alisema umeshatobolewa, auondoe wa nini. Hakunitumia hata mtu kuniuliza. Nasikia mwenye nazi aliupasua akautia motoni, kwenye jiko la kukaushia mbata, na mbambakofi hukaa na moto sana.

Kipande changu nilijaribu kukipigilia juu ya mlango. Kilionekana kama sahani iliyotundikwa ikauke, wapita njia wakaniuliza ni dawa ya nini. Nikakishusha. Siku kifuniko cha mtungi wangu wa maji kilipovunjika, nilikijaribu hapo, kikaenea kabisa, ua likiwa juu. Basi kikakaa hapo.

Mwaka uliofuata, siku ya joto la kaskazi, Jamaldin alipiga hodi. Alikuwa ametoka Marikiti kwa miguu, kanzu imemganda mgongoni, na amezeeka kuliko nilivyotaka azeeke. Nilimkaribisha. Tukaulizana hali za nyumbani, Tumu na mtoto wake, kama desturi. Nilikuwa kwenye mbuzi, mikono imejaa nazi.

"Nipa maji, nduu yangu," alisema.

"Yako mtungini. Jitekee."

Aliinama mtungini, akashika kifuniko. Kidole chake gumba kilikuwa juu kabisa ya lile jani jembamba. Niliacha kukuna. Alikishika kifuniko kitambo, akitafuta pa kukiweka, kisha akakiweka sakafuni kifudifudi, ua chini. Akachota kwa kata, akanywa, akachota tena, akanywa mpaka akatweta, akajimwagia mengine shingoni.

"Maji yako baridi, Swabaha," alisema. "Wayatia nini?"

Nikamwambia siyatii kitu, nayafunika tu.